Toleo dogo la programu

Toleo dogo ni sasisho linalotarajiwa kurekebisha hitilafu bila kugusa mwenendo waliouzoea watumiaji. Ahadi hiyo huvunjwa, na mara nyingine hakuna budi.

Toleo 2.7.9 la lugha ya programu Python lilitoka Desemba 2014. Kabla yake, maktaba za kawaida za Python zilifungua anwani za HTTPS bila kuthibitisha cheti cha seva. Tapeli aliyejipenyeza katikati angeweza kujifanya benki. Toleo hilo likaanza kukagua, na skripti zilizotegemea vyeti vya kujitengenezea zikagoma.

Kampuni ya Red Hat, inayosambaza Python ndani ya mfumo wake wa Linux na yenye wateja wa mifumo mikongwe, ilijivuta, pengine kupita kiasi: Red Hat Enterprise Linux 7 ilipewa kwanza ukaguzi uliozimwa, pamoja na faili la mipangilio la kuuwasha. Baadaye ukawashwa kwa wote, na faili lilelile likawa la kuuzima.