Usafishaji wa udongo kwa umeme
Njia ya kuondoa metali kama risasi na shaba katika udongo wa viwandani bila kuuchimba. Elektrodi hufukiwa, kisha mkondo mnyoofu wa umeme hupitishwa kwenye udongo wenye unyevu. Ioni za metali zenye chaji chanya husogea taratibu hadi kathodi, zikavutwa humo pamoja na maji. Alikali inayozuka hapo hugandisha metali kabla hazijafika, hivyo hutiwa asidi. Njia hii hufaa hasa udongo wa mfinyanzi, usiopitisha maji kirahisi. Lakini katika tope la mikoko, kama lile la mlango wa mto Ruvuma, Mtwara, chumvi ya bahari ingekula umeme mwingi. Mfano wa mahali panapohitaji usafishaji wa udongo ni Owino Uhuru, Mombasa, mtaa wa makazi uliochafuliwa kwa risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka 2020 mahakama iliamuru udongo wake usafishwe.