Tundu la Vishimo 15

Kompyuta za mitumba zilizofika Mkomani mwishoni mwa miaka ya 90 zilikuwa na tundu nyuma ambalo wenyewe hawakujua ni la nini. Lilikuwa na vishimo 15, kama la skrini, ila vya skrini vimepangwa safu tatu na hivi safu mbili, vinane juu, saba chini. Watu walilazimisha waya wa skrini mpaka pini zikapinda, kisha wakaniletea mimi fundi. Lilikuwa tundu la joistiki, fimbo ya kuchezea gemu.

IBM ndiyo iliyolianzisha, mwaka 1981, pamoja na PC yake ya kwanza, na wakati huo ilibidi ununue kadi yake peke yake. Sound Blaster ilipotoka mwaka 1989 ikiwa na tundu hilohilo, wengine wakaiga, na likaanza kuja bure ndani ya kadi ya sauti. Bure bila fimbo, lakini. Kontena likishushwa bandarini Kilindini, utakuta kompyuta, skrini na kibodi. Joistiki imebaki kwa mwenye mashine huko alikotoka. Ukiipata moja mjini, ng'ambo ya daraja la Nyali, ulikuwa na bahati yako.

Ndani ya fimbo mna potenshiometa mbili za kiloomu 100, jamii ya ile ya kuongezea sauti kwenye redio: moja ya kushoto na kulia, nyingine ya mbele na nyuma. Kompyuta haina namna ya kujua fimbo imelala wapi, kwa hiyo inapima muda. Programu inaandika namba yoyote ile kwenye porti 201 ya heksi, yaani 513. Biti nne za chini zinawaka, na kapasita za kwenye kadi zinaanza kujaa umeme kupitia potenshiometa. Kapasita ikijaa, biti yake inazimika. Fimbo ikiwa mwisho wa upande mmoja, ni mikrosekunde 24 hivi. Mwisho wa upande wa pili, 1,124. Kazi yako ni kuzunguka kwenye kitanzi ukihesabu mpaka biti izime. Biti nne za juu ni za vitufe, na zina ukaidi wake: kitufe kikibonyezwa, biti inakuwa 0.

Ubaya ni kwamba kitanzi hukimbia kwa kasi ya prosesa. Namba ya katikati kwenye 286 haikuwa ya katikati kwenye Pentium, na ndege ya kwenye gemu ikapinda yenyewe hujaigusa fimbo. Ndiyo sababu gemu nyingi zilikutaka kwanza upeleke fimbo kona hadi kona. Waandishi makini waliacha kuhesabu mizunguko, wakasoma chipu ya saa, ambayo hupiga mara 1,193,182 kwa sekunde, PC iwe kuukuu au mpya. Tena walizuia prosesa isikatizwe kwa ile milisekunde moja ya kupima, maana saa ya DOS huikatiza mara 18 hivi kila sekunde, na ikikatizwa katikati ya hesabu, fimbo inaonekana imeruka.

Vijana waliokuja kujifunza kwangu niliwaanzishia QBasic, iliyokuja na DOS 5 mwaka 1991. STICK(0) ni kushoto na kulia, STICK(1) mbele na nyuma. Lakini ni STICK(0) pekee inayokwenda kupima. Nyingine zinarudisha tu kilichohifadhiwa. Kijana akiita STICK(1) peke yake, doti yake haisogei, na mjadala unaanza: fimbo mbovu, kadi mbovu, mwalimu mbovu.

Pengine fimbo ni mbovu kweli. Hewa ya chumvi ya huku kwetu haina huruma na potenshiometa. Namba zinarukaruka hata mkono ukitulia. Dawa yake spiriti na pamba, na kwenye programu kupuuza misogeo midogo karibu na katikati.

Kilichotuokoa ni mabanda ya PlayStation. Pedi zake zilizagaa mtaani, na kila kompyuta ilikuwa na tundu la printa. Ulikata waya wa pedi, ukaulehemu kwenye plagi ya pini 25, umeme ukauchota kwenye pini za data kupitia dayodi, kisha ukaweka DirectPad Pro kwenye Windows 98. Hapo hakuna kapasita: pedi inatuma biti moja baada ya nyingine. Pedi za mashine za gemu za kanda nazo zilijaribiwa, zikaleta hasara, kwa sababu plagi yake ya matundu tisa inaingia sawasawa kwenye porti ya modemu, ambako nyaya hubeba hata volti 12 na pedi inataka 5.

Windows Vista ilipofika madukani mwaka 2007 ikakataa kulitambua tundu la joistiki. Kufikia hapo USB imeshaenea, na pedi ya USB inajipimia yenyewe, inapeleka namba iliyo tayari. Fimbo zilizobaki nilizifungua, potenshiometa nikazitia kwenye redio za wateja. Sauti ilipanda ghafla ukigusa kidogo tu, wazee wakalalamika. Nikawaambia wavumilie, kipuri cha bei ile sokoni Kongowea hawakipati.