Rubani ambaye ndege yake haikuruka

Wadau, wiki hii nimekesha na picha moja ya mwaka 1926. Haina sauti, haina rangi, na ndege yake haikuruka hata inchi moja. Inaitwa The Flying Ace.

Stelingi ni Kapteni Billy Stokes, rubani mweusi anayerudi Marekani kutoka Vita Kuu ya Kwanza akiwa shujaa. Anarudia kazi yake ya zamani ya upelelezi wa reli, na hapo hapo anakabidhiwa kesi: dola 25,000 za mishahara zimetoweka. Lakini aliyenikosha mimi ni msaidizi wake, Peg. Ana mguu mmoja, anaendesha baiskeli kwa mguu huo huo, na mkongojo wake ni bunduki! Mwigizaji wake, Steve Reynolds, kweli alikuwa na mguu mmoja.

Waigizaji wote ni weusi. Mwongozaji, Richard Norman, alikuwa mzungu wa Florida aliyetengeneza picha kwa ajili ya watazamaji weusi katika enzi za ubaguzi. Tusimfanye malaika, lilikuwa soko na yeye alikuwa mfanyabiashara. Ila hakuwafanya watu weusi vichekesho, na wakati ule hilo halikuwa jambo dogo.

Sasa sikilizeni. Mwaka ule jeshi la Marekani halikuwa na rubani mweusi hata mmoja. Eugene Bullard, mzaliwa wa Georgia, alirusha ndege vitani mwaka 1917, lakini kwa jeshi la Ufaransa, kwao walimkataa. Bessie Coleman naye ilibidi avuke bahari hadi Ufaransa kupata leseni yake mwaka 1921. Aliwahi kumwandikia Norman akitaka maisha yake yafanywe picha. Aprili 30, 1926 alianguka kutoka kwenye ndege akafa, huko huko Jacksonville, mji wenye studio ya Norman. Jeshi lilianza kuwafundisha marubani weusi, kule Tuskegee, mwaka 1941.

Yaani Kapteni Stokes alikuwa mtu asiyeruhusiwa kuwapo. Na ndani ya picha hakuna anayemshangaa! Ndege imesimama chini, nyuma yake pametandazwa pazia, naye kashika usukani kama kazaliwa nao.

Picha nyingi zisizo na sauti zimepotea. Katika picha ndefu zote za Norman, hii peke yake ndiyo iliyobaki nzima. Mwaka 2021 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha yake ya filamu za kuhifadhiwa. Ni saa moja na dakika chache tu. Mkifika kwa Peg na baiskeli yake, mnijuze.