Ziwa Turkana mapema msimu: Mwongozo kwa msafiri wa Thika na Ruiru

MSAFIRI anayetoka Ruiru au Thika kwenda kaskazini mwa Kenya hana haja ya kuulizia njia, kwani njia inapita mlangoni mwake. Barabara Kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012, ni sehemu ya barabara ya A2 inayoendelea hadi mpakani Moyale. Wakazi wengi wa miji hii miwili huitumia kwenda kazini Nairobi asubuhi na kurejea jioni. Ni wachache wanaokumbuka kwamba ukiifuata upande wa pili, itakukaribisha kwenye ziwa la kudumu lililo kubwa kuliko yote yaliyo jangwani duniani.

Ziwa hilo ni Turkana. Kulizuru kwa mashua ni safari ambayo vikundi vya marafiki, vyama vya akiba na familia vinaweza kuimudu vikijipanga vyema. Swali linaloulizwa mara nyingi ni moja: je, ni vyema kwenda mapema, mwezi Juni, kabla ya wageni wengi kufika? Jibu ni ndiyo, ila kwa sharti moja ambalo makala haya yatalieleza.

ZIWA LENYEWE

Mito inayojulikana na wakazi wa Thika na Ruiru yote huishia Bahari Hindi. Chania huungana na Thika, na maji yao huingia Tana. Ruiru huingia Athi. Ziwa Turkana ni kinyume cha hayo. Mto Omo kutoka Ethiopia hulipa takriban asilimia 90 ya maji yake, lakini hakuna mto wowote unaotoka humo. Maji hupungua kwa kukaushwa na jua tu, na ndiyo sababu yana magadi na chumvichumvi.

Ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 250 na visiwa vitatu vikubwa, ambavyo ni Kisiwa cha Kaskazini, cha Kati na cha Kusini. Jamii za kando yake, wakiwemo Waturkana, Waelmolo na Wadaasanach, zililijua tangu kale. Mwaka 1888 Teleki wa Hungary na mwenzake von Höhnel walifika hapo na kuliita Rudolf, jina la mwana wa mfalme wa Austria. Jina la Turkana lilianza kutumika rasmi mwaka 1975.

Mbuga tatu za ziwa hili, yaani Sibiloi, Kisiwa cha Kati na Kisiwa cha Kusini, zimo katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia. Mwaka 2018 ziliwekwa katika orodha ya turathi zilizo hatarini, hasa kwa sababu ya hofu kuhusu athari za bwawa la Gibe III lililojengwa kwenye Mto Omo na kuzinduliwa mwaka 2016.

KWA NINI MAPEMA?

Katika nchi za mbali, watu hupiga hesabu kama hii kila mwaka. Meli za kitalii zinazokwenda Alaska, kaskazini mwa Amerika, huanza safari zake kati ya mwishoni mwa Aprili na Mei. Anayekwenda Mei hulipa nauli nafuu, huepuka msongamano na huikuta milima ingali na theluji. Badala yake hukubali baridi, na huenda akakuta baadhi ya njia za milimani hazijafunguliwa.

Kwa Turkana, mapema msimu ni Juni. Mvua ya masika, ambayo kwa kawaida hunyesha kati ya Machi na Mei, huwa imepungua. Mvua hiyo haisumbui sana ziwani kwenyewe, kwa kuwa ni eneo kame. Husumbua njiani. Mikondo mikavu ya mchanga inayoitwa laga hugeuka mito kwa muda wa saa chache, na gari linaweza kuzuiliwa ng'ambo kutwa nzima. Yapo magari yaliyosombwa kwa sababu dereva aliona maji ni ya magotini tu.

Aidha, Juni hutangulia likizo ya shule ya Agosti na kilele cha watalii wa kigeni. Vyumba hupatikana kwa urahisi na mwenye mashua ana nafasi ya kupatana. Katika miaka mingi tangu 2008 pia kumekuwa na tamasha la utamaduni mjini Loiyangalani, linalokutanisha jamii zaidi ya kumi za kaunti ya Marsabit. Tarehe zake hubadilika, hivyo ni muhimu kuzithibitisha. Anayetaka utulivu naye azijue ili aziepuke, kwa maana wakati wa tamasha mji huo mdogo hufurika.

Hata hivyo, kuna ya kukosa. Ndege wanaohamia huku kutoka Ulaya na Asia huwa wamekwisha kurudi makwao, na hawaonekani tena hadi karibu Oktoba. Mamba wa Kisiwa cha Kati, ambao ni miongoni mwa makundi makubwa ya mamba wa Nile, huangua mayai yao hasa Aprili na Mei. Mgeni wa Juni atawakuta mamba, lakini yamkini hatashuhudia vitoto vikitoka mchangani.

UPEPO NDIO MWENYE ZIWA

Kalenda humwambia msafiri siku ya kuondoka Thika. Haimwambii saa ya kuondoka ufuoni, kwani hiyo huamuliwa na upepo.

Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna bonde pana ambamo upepo wa kusini-mashariki hubanwa na kuongezewa kasi. Upepo huo huvuma mwaka mzima, na ndio uliofanya kampuni ya Lake Turkana Wind Power kusimika mitambo 365 huko Sarima, karibu na Loiyangalani. Mradi huo, uliozinduliwa Julai 2019, una uwezo wa kuzalisha megawati 310 za umeme. Nguvu inayozungusha mapanga hayo ndiyo inayoinua mawimbi ziwani.

Kwa kawaida upepo huzidi usiku hadi asubuhi, kisha hupungua jua linapopanda. Lakini kanuni hii si ya kutegemewa kila siku. Nchi kavu hupata joto na kupoa upesi kuliko maji, na tofauti hiyo huweza kuleta dhoruba ya ghafla. Ziwa lililokuwa shwari huchafuka kabla mashua haijafika nusu ya safari.

Historia ina ushahidi mchungu. Mwaka 1934 mtaalamu wa jiolojia Vivian Fuchs, ambaye miaka ya 1957 na 1958 aliongoza msafara uliovuka bara la Antaktika, alikuja kulichunguza ziwa hili. Wenzake wawili, Martin na Dyson, walivuka hadi Kisiwa cha Kusini mwezi Julai. Hawakurudi. Walitafutwa, hata kwa ndege, na miili yao haikupatikana kamwe. Hawa walikuwa watu wenye elimu na vifaa vya wakati wao. Upungufu wa akili si lazima uwepo ndipo ajali itokee ziwani humu.

Hapa ndipo lilipo sharti lililotajwa mwanzoni: panga siku moja ya ziada, na ikiwezekana siku mbili. Mtu aliyefika Loiyangalani Ijumaa na anayetakiwa kiwandani Thika Jumatatu asubuhi ni hatari kwake na kwa wenziwe, kwa sababu ndiye atakayemshinikiza nahodha kuondoka wakati ambapo nahodha mwenyewe angependa kungoja. Kwa mwenye haraka, hakuna mwezi ulio salama.

NJIA MBILI

Njia ya kwanza ni ya mashariki, nayo ndiyo inayomfaa zaidi mtu wa Thika na Ruiru. Hupitia Makutano, kisha ama Karatina na Nanyuki au Embu na Meru, hadi Isiolo. Kutoka Isiolo lami inaendelea hadi Laisamis, Marsabit na Moyale. Huko nyuma kipande hiki kilikuwa cha vumbi na mawe, na malori yalichukua siku nyingi. Lami ilikamilika katika miaka ya 2010.

Pale Laisamis msafiri huiacha lami na kushika njia ya kuelekea South Horr na Sarima, ambayo ilipanuliwa na kuimarishwa kwa changarawe, takriban kilomita 208, ili kupitisha mitambo ya umeme wa upepo. Baada ya hapo hufika Loiyangalani, chini ya Mlima Kulal. Ni busara kulala Isiolo au Marsabit na kuifanya safari hii kwa siku mbili, na gari liwe refu la chini, lenye magurudumu mawili ya akiba.

Njia ya pili ni ya magharibi, kupitia Nakuru, Kitale na Lodwar hadi Kalokol au Eliye Springs. Ni ndefu zaidi kwa mtu wa Thika, ingawa zipo ndege za abiria kutoka Nairobi hadi Lodwar. Faida yake ni kwamba upande huu ndio wa karibu kwa anayetaka Kisiwa cha Kati. Anayetaka Kisiwa cha Kusini au vijiji vya Waelmolo huanzia Loiyangalani.

Usalama wa njia zote uulizwe kwa polisi na kwa wenyeji katika kila kituo. Maeneo ya Baragoi na bonde la Suguta yamewahi kushuhudia mapigano makali. Novemba 2012 zaidi ya maafisa 40 wa polisi waliuawa huko. Hali hubadilika, na habari ya mwezi uliopita haitoshi.

MASHUA NA NAHODHA

Katika Ziwa Turkana hakuna meli za kitalii zenye vyumba na mikahawa. Zilizopo ni mashua za wavuvi zenye injini, na chache za mahoteli. Kabla ya kulipa, msafiri aangalie mambo haya:

Kwanza, jaketi za kuokoa maisha. Zihesabiwe na zivaliwe kabla ya mashua kung'oa nanga, zisiwekwe chini ya viti. Asiyejua kuogelea asione haya kulisema.

Pili, injini na mafuta. Iulizwe kama kuna injini ya pili, au angalau makasia, na kama mafuta yanatosha kwenda na kurudi upepo ukiwa wa mbele.

Tatu, idadi ya abiria. Kikundi cha watu kumi kisikubali kujazwa katika chombo cha watu sita ili kupunguza gharama.

Nne, taarifa. Ada ya mbuga hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kwa njia ya kielektroniki, hivyo ilipwe mapema mahali penye mtandao. Askari wa mbuga waelezwe mashua inakwenda wapi na inatarajiwa kurudi saa ngapi. Hata mwenye hoteli aachiwe ujumbe huo.

Tano, na kubwa kuliko yote, neno la nahodha liwe la mwisho. Akisema leo hakuendeki, hakuna mjadala. Mpatane tangu mwanzo kwamba safari ikiahirishwa malipo yatahamia siku inayofuata, ili asilazimike kuchagua kati ya riziki yake na uhai wenu.

UTAKACHOKIONA

Kisiwa cha Kati kina ukubwa wa kilomita 5 za mraba tu, lakini ni volkano yenye maziwa madogo ndani yake, ambamo mamba na ndege huishi. Kisiwa cha Kusini, chenye kilomita 39 za mraba, ni kikavu na kimefunikwa na majivu ya volkano. Rangi ya maji hubadilika kutoka kijivu hadi kijani kibichi kadiri mwanga unavyobadilika, na kwa hiyo wazungu waliliita Bahari ya Jade.

Mgeni atagundua vilevile kwamba ramani za zamani hazimsaidii sana. Katika miaka ya karibuni ziwa limepanda na kumeza majengo, malisho na fukwe. Kijiji cha Waelmolo cha Komote, ambacho wakazi wake walikuwa wakikifikia kwa miguu, kilizingirwa na maji wakalazimika kutumia mashua. Waelmolo ni miongoni mwa jamii ndogo kabisa nchini, na zamani walivua kwa vyelezo vya magogo ya mikoma. Wanaowatembelea waombe ruhusa kabla ya kupiga picha, na walipe ada ya kijiji bila kunung'unika.

MATAYARISHO

Maji ya kunywa yabebwe ya kutosha, kwani ya ziwani yana magadi. Kofia ifungwe kwa kamba. Miwani ya jua, nguo za mikono mirefu, dawa za kuzuia malaria na sanduku la huduma ya kwanza ni vitu vya lazima. Pesa taslimu ziwepo, kwa kuwa mtandao wa simu hupotea. Kuogelea kusifanyike popote bila ushauri wa mwenyeji. Mamba haonekani hadi awe amekaribia.

Kwa anayetaka kujipima kwanza, karibu na Thika kuna Maporomoko ya Kumi na Nne katika Mto Athi, chini ya Ol Donyo Sabuk, ambako wenyeji huvusha wageni kwa mashua. Mtu aliyepata hofu hapo, kwenye mwendo wa dakika chache, atajua kama yuko tayari kwa saa kadhaa za mawimbi.

Kwa ufupi, Juni ni mwezi mwema wa kuliona Ziwa Turkana: njia zimekauka, wageni ni wachache na gharama ni nafuu. Lakini ombeni ruhusa kazini hadi Jumatano, si Jumatatu. Siku hiyo moja au mbili za ziada ndizo zitakazowawezesha kukaa ufuoni, kuutazama upepo na kumwambia nahodha bila kusitasita: tutangoja hadi kesho.