Moshi: Jina Lililoshuka Mlimani

Atakaye kuijua mitaa ya Moshi asianzie stesheni. Yampasa kwanza apande mlimani hadi Old Moshi, yaani Moshi ya Kale. Huko ndiko alikotawala Mangi Rindi, na baada yake mwanawe Meli, ambaye Wajerumani walimnyonga tarehe 2 Machi 1900. Jina la Moshi lilikuwa la huko, penye migomba na mifereji.

Mwaka 1911 reli itokayo Tanga ilifika uwandani, na jina likashuka kuifuata. Karibu na stesheni ukakua mji mpya, na kahawa ya Wachaga ikaulisha. Mwaka 1933 wakulima hao waliunda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, kikajenga jumba lake katikati ya mji.

Majina ya mitaa nayo yana habari zake. Majengo na Bondeni ni Kiswahili kitupu, lugha ya watu waliokutana kutoka pande nyingi. Soweto imeazima jina la Afrika ya Kusini. Ama Shanty Town, ambayo kwa Kiingereza maana yake ni mtaa wa vibanda, ndiyo yenye nyumba kubwa, bustani na miti ya kivuli, nayo hupendwa na wenye mali. Basi jina la mtaa si kipimo cha hali yake.

Lakini mji huu ulipokea jina lake na riziki yake kutoka mlimani. Aisifuye mitaa yake na kuisahau Moshi ya Kale, asifu matawi na kuliacha shina.