Uwanja wa michezo: anza kukagua ardhi, kisha bembea

Ukifika na mtoto kwenye uwanja wa michezo, iwe ni shuleni, kanisani au kwenye bustani siku ya sikukuu, angalia kwanza kilicho chini ya vifaa. Majeraha mengi ya uwanjani hutokana na kuanguka, na ukali wake hutegemea sana mtoto ameangukia nini na ametoka urefu gani.

Saruji na lami hazifai kabisa chini ya kifaa cha kupanda. Nyasi pia hazitoshi. Mwongozo wa Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani hauhesabu nyasi wala udongo kuwa kinga, kwa sababu hukanyagwa hadi vikawa vigumu, hasa pale chini ya bembea watoto wanapoburuza miguu. Mwongozo huo unaeleza kuwa mchanga wenye kina cha sentimita 23 hukinga anguko la hadi mita 1.2 hivi. Vibanzi vya mbao vya kina hicho hicho hukinga anguko la kutoka juu zaidi. Kwa hiyo slaidi inayomzidi mtu mzima urefu haijalindwa na mchanga wa kina hicho, hata kama unaonekana mwingi.

Kupima ni rahisi. Chomeka rula ya shule ya sentimita 30 mchangani mpaka igote ardhi ngumu, kisha soma kina. Pima chini ya bembea na mwisho wa slaidi, maana huko ndiko mchanga hutawanyika kwanza. Baada ya mvua hushikamana, kwa hiyo unahitaji kugeuzwa kwa reki, na wakati huo huo vitolewe vigae, misumari na kinyesi cha paka. Kwa maoni yangu, kamati ya shule yenye fedha kidogo inunue lori la mchanga kabla ya bembea ya pili.

Kuzunguka kila kifaa paachwe nafasi tupu ya mita 1.8, bila mti, ukuta wala benchi. Bembea huhitaji zaidi: mbele na nyuma, mara mbili ya urefu wa bomba inaponing'inia.

Kisha angalia mianya ya ngazi na vizuizi. Mwanya wa kati ya sentimita 9 na 23 ni hatari, kwa sababu mtoto mdogo hutanguliza miguu, kiwiliwili kikapita, kichwa kikakwama, naye akabaki ananing'inia kwa shingo. Mafundi wetu wa kuchomelea hawajui jambo hili mpaka waambiwe, basi waambie kabla hawajaanza kazi. Kamba za kofia ya sweta, mtandio mrefu na funguo za shingoni vivuliwe kabla ya kupanda, kwani navyo hunasa.

Usiteleze na mtoto mapajani. Wengi hufanya hivyo kwa nia ya kumlinda, lakini mguu wake ukinasa pembeni, uzito wako huendelea kushuka na mfupa wa muundi huvunjika. Kama hawezi kuteleza peke yake, slaidi hiyo bado ni kubwa kwake. Saa za jua kali gusa bati kwa kiganja chako kwanza, na plastiki pia, kwa sababu zote huunguza.

Matairi ya zamani ni mazuri, ila yakaguliwe waya zilizochomoza na yatobolewe chini yasituamishe maji. Mbu wa homa ya dengi huzaliana humo.

Mtoto akianguka, usimwinue haraka. Akilalamika shingo au mgongo, au akishindwa kusogeza mkono au mguu, mwache alivyolala na uite msaada. Mpeleke kituo cha afya mara moja akipoteza fahamu hata kwa muda mfupi, akitapika tena na tena, akipata degedege, akisinzia kusiko kwa kawaida, au damu au majimaji yakitoka masikioni. Mkono uliovimba au kupinda usichuliwe wala kuvutwa. Ufunge na kipande cha mbao au gazeti lililokunjwa, kwa kanga, ukae ulivyo mpaka mfike.