Kusimama Bila Kuvuta

Babu yangu alikuwa na vidole vinane na nusu. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto hakikuwepo kabisa, na cha jirani yake kiliishia katikati. Tukiwa watoto tulidhani ni vita. Kumbe ni kamba. Miaka ya 1940 alikuwa saisi, mtunza farasi, kwenye shamba la mlowezi mmoja upande wa Molo. Siku moja alimshika farasi asiyemjua vizuri, akazungusha kamba mkononi ili aishike sawasawa. Upepo ukainua bati juu ya banda. Farasi akarudi nyuma mara moja tu.

“Nilidhani nimemfunga yeye,” alikuwa akituambia, “kumbe nimejifunga mimi.”

Hadithi hiyo niliisikia miaka mingi kabla ya kuanza kuuliza maswali. Mnyama wa kilo mia nne au tano, mwenye nguvu za kung’oa nguzo, anafundishwaje kusimama penye kamba ambayo angeweza kuikata? Maana jibu haliko kwenye unene wa kamba. Farasi ni mnyama wa kuliwa, silaha yake ni miguu. Ukimfunga umemnyang’anya silaha. Akishtuka anarudi nyuma, kamba inambana nyuma ya masikio, na kule kubanwa kunamwogopesha kuliko kile kilichomshtua. Hapo bati limeshasahaulika. Kinachomkamata sasa ni kamba yenyewe, na atapigana nayo mpaka kitu fulani kikatike: kamba, nguzo, au shingo.

Nilipofika chuo kikuu nilikutana na Xenophon, askari na mwandishi wa Athens, aliyeandika kitabu kizima juu ya farasi katika karne ya 4 kabla ya Kristo. Anaeleza kwamba farasi afungwe mahali palipo juu ya kichwa chake, kwa sababu akisumbuliwa usoni hurusha kichwa juu. Akiwa amefungwa juu, kule kurusha kunalegeza kamba badala ya kuikata. Nilisoma ukurasa ule nikacheka peke yangu maktabani. Babu hakuwahi kusikia habari za Athens, lakini hakufunga farasi chini ya usawa wa mabega ya mnyama. Sababu yake ilikuwa nyingine: kamba ikilegea chini, mguu unapita juu yake, na hapo mna msiba.

Xenophon anawaandikia wenye farasi, ili wajue cha kumwagiza mtunzaji. Mtunzaji mwenyewe, aliyelala bandani na kuamka usiku, hana jina kitabuni.

Anayekumbukwa zaidi katika ufundi huu ni Mmarekani, John Rarey wa Ohio. Mwaka 1858, akiwa Uingereza, aliwatuliza farasi mbele ya Malkia Victoria, kisha akakabidhiwa Cruiser, farasi dume mkali aliyekuwa akifungwa chuma mdomoni asiue watu. Inasimuliwa kwamba kwa saa tatu hivi akawa mpole. London nzima ikazungumzia upole wa Rarey. Hata pundamilia alimjaribu.

Nami niliusifu, mpaka niliposoma alivyofanya. Alikunja mguu mmoja wa mbele, akaufunga kwa mkanda, akamwacha farasi ahangaike kwa miguu mitatu mpaka achoke, kisha akamlaza chini. Hakupiga, hilo kweli. Na baada ya hapo alimpapasa na kusema naye taratibu. Kwa zama zile za mijeledi ilikuwa hatua kubwa. Lakini farasi aliyelala akihema, amegundua kwamba nguvu zake hazimsaidii kitu, sijui kama tuseme ametulia. Rarey alikufa 1866, na Cruiser, aliyebaki nyuma yake kule Ohio, inasemekana aliurudia ukali wake.

Njia ya babu ilikuwa ya kuchosha hata kuisikiliza. Kwanza hakufunga. Alimfundisha mtoto wa farasi kwamba kamba ikivuta mbele, asogee mbele, na papo hapo mvuto unaisha. Hatua moja, kamba inalegea. Siku nyingi za hilo tu. Kisha anapitisha kamba nyuma ya nguzo bila fundo, ncha iko mkononi, na safari hii haizungushi mkononi. Farasi akirudi nyuma, kamba inateleza inamfuata, haina pa kumbana. Polepole anaona hakuna cha kupigana nacho. Fundo linakuja mwisho, la kufyatuka kwa mvuto mmoja wa ncha, kwenye nguzo iliyochimbiwa, kamwe si kwenye lango.

“Mtazame mdomo,” alisema. Aliyetulia mdomo wa chini umelegea, mguu mmoja wa nyuma amepumzisha. Kuna mwingine amesimama hivyo hivyo, hatikisiki, lakini jicho limekaza na pumzi huisikii. “Huyo hajatulia. Huyo amenyamaza.”

Wakati huo babu mwenyewe alikuwa na kitu shingoni. Sheria ya kipande ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika wa kuanzia miaka 16 nje ya maeneo waliyotengewa Waafrika kubeba karatasi yenye alama za vidole, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning’inizwa kwa kamba. Kuacha kazi kabla mwajiri hajatia sahihi kulimfanya mtu kuwa mtoro wa kukamatwa. Vidole vilipokatika alirudi bandani siku ya kumi na mbili, kitambaa kikiwa bado mkononi. Sahihi hakuipata.

Niliwahi kumuuliza: kati ya farasi wale wawili, wewe ulikuwa yupi? Akaniangalia kwa muda, akaagiza chai.

Mara ya mwisho kutembea naye sokoni tulimkuta punda amefungwa chini, kwenye bampa ya lori, mguu umeshapita juu ya kamba. Mwenyewe hayupo. Babu aliweka fimbo chini, akaushika ule mguu akiongea na punda kwa sauti ndogo, akafungua fundo kwa vidole vilivyobaki. Akamfunga upya kwenye mti, juu kidogo ya mabega, akaigusa ncha kuona kama itafyatuka. Punda akapumzisha mguu wa nyuma. Tukaenda kununua viazi.